Brauni Iliyovaa Chokoleti

Mwaka 1659 watawala wa koloni la Massachusetts, Wapuritani wenye msimamo mkali wa dini, walitunga sheria dhidi ya Krismasi. Aliyekutwa akiiadhimisha siku hiyo, kwa kuacha kazi au kwa kufanya karamu, alitozwa faini ya shilingi tano. Kwa maoni yao, Biblia haikutaja tarehe aliyozaliwa Kristo, na ulevi na ulafi waliouona Uingereza kila Desemba ulitosha kuthibitisha kwamba sherehe ile haikutoka kwa Mungu. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 1681, lakini ubaridi ulibaki. Kwa vizazi kadhaa baadaye, tarehe 25 Desemba mjini Boston ilikuwa siku ya kazi kama siku nyingine. Serikali kuu ya Marekani ilikuja kuitambua Krismasi kuwa sikukuu mwaka 1870.

Historia ina mizunguko yake. Huko huko Massachusetts, kulikokuwa na faini kwa anayekula na kufurahi Desemba, ndiko chokoleti ya Marekani ilikoanza kusagwa kwa mashine, na ndiko kilikotoka kitabu cha mapishi kilichoisambaza brauni, kikeki kizito cha chokoleti, nchi nzima.

Leo kitafunwa hicho kina umbo jipya la sikukuu. Ikifika Desemba, katika majiko ya Marekani na Kanada brauni huokwa jioni na kuachwa ipoe. Kisha hukatwa vipande vidogo au hufikichwa na kuviringishwa vidonge, huchomekwa kijiti, huchovywa katika chokoleti iliyoyeyushwa, na kabla ganda halijakauka hunyunyiziwa peremende ya mnanaa iliyopondwa, lozi au chembe za sukari za rangi. Hupangwa katika makopo ya bati na kupelekwa kwa majirani, walimu wa watoto na wafanyakazi wenzao. Watu huviita vitamu vya nyumbani, na ndivyo vilivyo. Hata hivyo, viungo vingi vilivyomo ndani yake vilipitia kiwandani kwanza, na hatua kadhaa za kiwanda zilianzia kwenye mikono ya wapishi, wengi wao wanawake. Kwa karibu miaka 200 jiko na kiwanda vimekuwa vikipokezana kazi, na brauni iliyovikwa chokoleti ni zao la kupokezana huko.

Kabla ya hapo kakao haikuwa ya kutafuna. Wamaya na Waazteki waliisaga, wakaichanganya na maji, pilipili na viungo vingine, wakaikoroga hadi ifanye povu. Punje zake zilitumika hata kama fedha sokoni. Wahispania waliipeleka Ulaya katika karne ya 16, wakaitia sukari, ikawa kinywaji cha matajiri. Udhia wake ulikuwa mafuta. Karibu nusu ya uzito wa punje ya kakao ni mafuta, na ndani ya kikombe cha moto mafuta hayo hupanda na kuelea juu.

Mwaka 1828, mjini Amsterdam, Casparus van Houten alipata hataza ya shinikizo la kukamua mafuta hayo. Kilichobaki kikavu kilisagwa kuwa unga. Mwanawe Coenraad aliongeza hatua ya kuutia unga huo chumvi za alkali ili uchanganyike vizuri na maji na upungue ukali. Lengo la familia hiyo lilikuwa kikombe bora cha kakao, lakini shinikizo lao lilizaa bidhaa mbili kwa mpigo: unga, na siagi ya kakao ambayo bado haikuwa na kazi kubwa. Mwaka 1847 kampuni ya J. S. Fry & Sons ya Bristol, Uingereza, iliipatia kazi. Iliurudishia unga wa kakao siagi hiyo pamoja na sukari, ikapata uji mzito uliomiminwa katika kalibu na kuganda. Hicho kilikuwa kipande cha chokoleti cha kula.

Chokoleti ile ya mwanzo ilikuwa na chengachenga na nzito ulimini. Mwaka 1879, mjini Bern, Uswisi, Rodolphe Lindt alitengeneza mashine iliyoivuruga chokoleti kwa saa nyingi mfululizo mpaka chembe zake zikalainika na mafuta yakaenea kila mahali. Chokoleti ikaanza kutiririka. Kwa anayechovya brauni leo, hatua hiyo ndiyo yenye uzito kuliko zote, kwa kuwa chokoleti isiyotiririka haiwezi kukivika kitu ganda jembamba, sawia na lenye kung'aa.

Marekani nayo ilikuwa na mwanzo wake. Mwaka 1765, kando ya Mto Neponset huko Dorchester, jirani na Boston, mhamiaji kutoka Ireland aitwaye John Hannon alianza kusaga kakao kwa nguvu ya maji, akifadhiliwa na Dakta James Baker. Mwaka 1779 Hannon alisafiri kwenda kununua punje za kakao na hakurudi tena. Baker akachukua biashara, na jina la familia yake likabaki juu ya pakiti za chokoleti chungu, isiyotiwa sukari, iliyouzwa kwa ajili ya kupikia. Boston ikawa pia mji wa peremende. Mwaka 1847 Oliver Chase alibuni hapo mashine ya kukata vidonge vya sukari, na kazi iliyokuwa ikifanywa kwa mkasi na vidole ikaanza kufanywa kwa mpini wa kuzungusha.

Hadi hapo chokoleti ilikuwa upande mmoja, keki upande mwingine. Vilikaribiana Chicago.

Mwaka 1893 jiji hilo liliandaa Maonyesho ya Dunia kuadhimisha miaka 400 tangu Christopher Columbus afike Amerika. Yalidumu miezi sita, kuanzia Mei hadi Oktoba, na milango yake ilipitiwa mara zaidi ya milioni 27. Bertha Palmer, mke wa tajiri Potter Palmer, alikuwa rais wa Bodi ya Wanawake iliyosimamia Jengo la Wanawake, jengo lililochorwa na msanifu Sophia Hayden. Mumewe alimiliki hoteli ya Palmer House. Hoteli hiyo iliungua katika moto mkubwa wa Chicago wa mwaka 1871, siku 13 tu baada ya kufunguliwa, ikajengwa upya kwa fahari zaidi. Kwa mujibu wa simulizi ambayo hoteli yenyewe imeitunza, Bertha Palmer aliagiza jiko limtengenezee kitindamlo kidogo kinachoweza kuwekwa kwenye kisanduku cha chakula cha mchana, kiliwe kwa mkono bila sahani wala uma, na kisimchafue bibi aliyevaa glavu. Wapishi walimtolea kipande kizito cha chokoleti kilichojaa siagi, kikatiwa jozi juu yake na kupakwa rojo tamu la aprikoti. Palmer House huuza kitafunwa hicho hadi leo.

Rojo lile la aprikoti lastahili kutazamwa kwa makini. Lilikuwa ganda. Lilizuia unyevu usitoke, likakipa kipande mng'aro na kukifanya kishikike. Haja iliyomsukuma Bertha Palmer, yaani keki yenye unyevu ndani ambayo mtu anaweza kuishika bila kujipaka, ndiyo haja ambayo vizazi vya baadaye vilikuja kuitatua kwa kuchovya kwenye chokoleti.

Katika viwanja vyenyewe vya maonyesho, mgeni mmoja kutoka Lancaster, Pennsylvania, alisimama mbele ya banda la kampuni ya J. M. Lehmann ya Dresden, Ujerumani. Huyo alikuwa Milton Hershey, mtengenezaji wa tofi za maziwa. Kampuni ya Lehmann ilikuwa imepanga mitambo kamili: ya kukaanga punje, kumenya, kusaga, kuchanganya na kumimina. Hershey aliinunua na kuisafirisha hadi Pennsylvania. Hakuanza kwa kuuza vipande vya chokoleti. Kwanza aliitumia chokoleti yake kuzivika tofi zake. Mwaka 1894 aliunda kampuni ya chokoleti, mwaka 1900 akaiuza ile ya tofi kwa dola milioni moja, na mwaka 1905 kiwanda chake kipya kilianza kazi Derry Church, katikati ya mashamba ya ng'ombe wa maziwa. Kipande chake cha chokoleti kikauzwa kwa senti tano. Kilichokuwa anasa ya matajiri kikawa kitu ambacho mtoto wa mfanyakazi wa mgodini aliweza kukinunua.

Hivyo mwaka mmoja na mji mmoja viliweka pamoja kitafunwa cha chokoleti cha kuliwa kwa mkono na mitambo iliyofanya chokoleti ya kuvika iwe rahisi kupatikana. Kilichokosekana kilikuwa mapishi ambayo mtu wa kawaida angeyafuata nyumbani na kufanikiwa.

Mapishi hayo yaliletwa na Fannie Merritt Farmer. Alizaliwa Boston mwaka 1857, na akiwa msichana alipatwa na ugonjwa uliompooza, akakatisha masomo. Alipopata nafuu alijiunga na Shule ya Upishi ya Boston na baadaye akawa mkuu wake. Mwaka 1896 alitoa kitabu cha mapishi cha shule hiyo. Wachapishaji, Little, Brown, hawakukiamini. Walichapa nakala 3,000 tu, na gharama alilipa mwenyewe. Kitabu kikawa miongoni mwa vitabu vya upishi vilivyouzwa zaidi Marekani.

Siri yake ilikuwa vipimo. Vitabu vingi vya wakati ule viliagiza siagi ukubwa wa yai au unga kiasi cha kutosha. Farmer alisisitiza kikombe kimoja cha kipimo, kijiko kimoja cha kipimo, vyote vikisawazishwa juu kwa ubapa wa kisu. Katika toleo la 1896 brauni zake hazikuwa na chokoleti. Zilikuwa vikeki vidogo vya molasi, kila kimoja na kokwa juu yake. Toleo la 1906 ndilo lililoweka chokoleti: kikombe kimoja cha sukari, robo kikombe ya siagi iliyoyeyushwa, yai moja, vipande viwili vya chokoleti chungu ya Baker, vanila kidogo, nusu kikombe ya unga wa ngano na nusu kikombe ya jozi.

Ukiyasoma mapishi hayo kwa jicho la mwokaji, utaona kwa nini brauni ni brauni. Hayana baking pauda. Unga ni nusu tu ya sukari. Yai ni moja. Hakuna cha kuiumua keki, na sukari nyingi huvuta unyevu na kuushika. Kinachotoka jikoni ni kitu kizito, laini ndani, chenye gome jembamba lenye nyufa juu. Mwaka 1907 Maria Willett Howard aliongeza yai katika kitabu alichoandika kwa ajili ya kampuni ya chokoleti ya Walter M. Lowney ya Boston, na brauni ikawa nono zaidi. Mama wa nyumbani alipata mapishi, kiwanda kikapata mnunuzi wa chokoleti yake. Mbinu hiyo ya kuuza bidhaa kwa kugawa mapishi imeendelea hadi leo nyuma ya pakiti za unga, sukari na kakao.

Ile vanila kidogo ya mapishi ya Farmer nayo ina historia inayogusa Bahari ya Hindi. Mvanila ulitoka Mexico, ambako nyuki wa kwao waliuchavusha. Ulipopelekwa visiwani huku kwetu, ulichanua bila kuzaa. Mwaka 1841, katika kisiwa ambacho leo kinaitwa Réunion, Edmond Albius, kijana mtumwa mwenye umri wa miaka 12, aligundua jinsi ya kuchavusha ua hilo kwa kijiti chembamba na kidole gumba. Mbinu yake ilienea Madagaska na Komoro, na ndiyo inayotumika hadi sasa katika mashamba ya vanila, yakiwemo ya Uganda. Albius alipata uhuru utumwa ulipokomeshwa kisiwani mwaka 1848, lakini alikufa maskini mwaka 1880. Utajiri uliotokana na vidole vyake uliwafikia wengine.

Vidole ndivyo vilivyofanya kazi pia katika vyumba vya kuchovyea vya viwanda vya peremende. Kabla mashine hazijaenea, kila kiini cha tofi, kokwa au krimu kilivikwa chokoleti na mwanamke aliyekaa mbele ya meza. Mbele yake palimiminwa dimbwi dogo la chokoleti vuguvugu. Alikitumbukiza kiini, akakigeuza kwa vidole, akakitoa, akakiweka kwenye trei, kisha kwa mchirizi wa chokoleti uliobaki kidoleni akakichora alama juu. Alama hiyo haikuwa pambo tu. Ilimwambia mfungaji na mnunuzi kilichomo ndani. Vyumba vilipozwa ili ganda likauke haraka, na wafanyakazi walivumilia baridi hiyo siku nzima.

Kazi ilikuwa ya msimu. Kuanzia majira ya vuli viwanda vilijaza wafanyakazi ili kukidhi mahitaji ya Krismasi, na baada ya sikukuu wengi walirudishwa nyumbani. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 Ofisi ya Wanawake ya Wizara ya Kazi ya Marekani ilichunguza saa za kazi, mishahara na mazingira ya wanawake katika viwanda vya peremende vya Chicago na St. Louis, na matokeo yake yakachapishwa. Wakati huo mashine ya kuvika chokoleti, iliyobuniwa Ufaransa mwanzoni mwa karne ya 20, ilikuwa tayari ikichukua nafasi yao. Viini vilipita juu ya wavu unaosogea, vikanyeshewa pazia la chokoleti juu na kuloweshwa chini. Ufundi wa kuchovya ukaanza kutoka kiwandani, na jikoni ndiko ulikokuja kuhifadhiwa.

Ufundi huo ni mgumu kuliko unavyoonekana, na sababu imo ndani ya siagi ya kakao. Mafuta hayo yanaweza kuganda kwa maumbo sita tofauti ya fuwele, na umbo moja tu, la tano, ndilo linalompa mlaji anachokitaka: ganda linalong'aa, linalovunjika kwa mlio, na linaloyeyuka kwa takriban nyuzi joto 34, chini kidogo ya joto la mwili. Ndiyo maana chokoleti nzuri hukaa imara kwenye sahani na kuyeyuka mdomoni. Ili kulipata umbo hilo, mpishi huipasha chokoleti nyeusi hadi nyuzi 45 au 50, huipoza hadi karibu 27, kisha huirudisha polepole hadi 31 au 32 na kuishikilia hapo wakati wote wa kuchovya. Akipitiliza, ganda hukauka likiwa na mabaka meupe, au halikauki kabisa. Tone moja la maji likiingia bakulini, chokoleti hukaza na kuwa kama udongo.

Kwa mama mwenye watoto watatu na jiko moja, masharti hayo yalikuwa mengi. Kiwanda kikaleta jibu jingine: ganda lisilo na siagi ya kakao. Badala yake lilitiwa mafuta mengine ya mimea, hasa ya kiini cha mchikichi, ambayo hayana maumbo sita ya kusumbua. Huyeyushwa, huchovyewa, hukauka, basi. Sheria za Marekani haziruhusu kitu hicho kiitwe chokoleti, kwa hiyo kimeuzwa kwa majina mengine. Moja linalojulikana sana, Candy Melts, ni la kampuni ya Wilton, iliyoanza mwaka 1929 wakati Dewey McKinley Wilton alipofungua madarasa ya kupamba keki Chicago. Vidonge bapa vya Wilton huja kwa rangi nyekundu, kijani na nyeupe, na kwa rangi hizo Krismasi iliingia kwenye ganda lenyewe.

Vita Kuu ya Pili ilibana kila kitu kwa muda. Sukari iligawiwa kwa mgao Marekani kuanzia mwaka 1942, na mgao huo haukuondolewa mpaka mwaka 1947, vita vikiwa vimekwisha. Waokaji wa nyumbani walihifadhi kuponi zao kwa ajili ya Desemba na kubadilisha sukari kwa molasi, asali na sharubati ya mahindi. Wakati huohuo M&M's, chokoleti zenye ganda gumu la sukari zilizoanza kutengenezwa mwaka 1941, zilipelekwa kwa wanajeshi, kwa sababu ganda lile liliizuia chokoleti isiyeyuke mfukoni katika nchi za joto. Wanajeshi waliporudi walikuwa wamezizoea, na baadaye zikapata njia hadi juu ya brauni za nyumbani.

Miaka ya 1950 ilileta brauni ya pakiti: unga, sukari na kakao vikiwa vimepimwa tayari, vikisubiri yai, maji na mafuta. Wapo waliosikitika, lakini pakiti ilifanya jambo lililopanua wigo wa wapishi. Ilipunguza kazi ya kuoka, ikabakiza muda wa kupamba. Kitamu cha sikukuu kikaanza kutofautishwa kwa sura yake kuliko kwa mchanganyiko wake.

Hapo ndipo walipoingia waokaji waliogundua kwamba keki haina lazima ya kubaki na umbo la trei. Mapishi ya vidonge vya keki iliyofikichwa na kuchanganywa na krimu yalikuwa yakipitishwa mkono kwa mkono Marekani. Mwaka 2008 Angie Dudley wa Georgia, anayejulikana kama Bakerella, alivichomeka vijiti, akavichovya kwenye ganda la rangi na kuvipa sura za wanyama na mapambo ya sikukuu. Kitabu chake kilitoka mwaka 2010, na mwaka uliofuata Starbucks ikaanza kuuza keki za kijiti madukani. Brauni iliufaa mtindo huo kuliko keki nyingine yoyote. Ina unyevu wake yenyewe, hivyo hufinyangika bila kutiwa krimu, na uzito wake hushika kijiti. Anayeitengeneza huiweka kwanza kwenye friji ili ikaze, lakini haiachi ikawa baridi mno, kwa kuwa kiini chenye baridi kali kikipata joto hutanuka na kulipasua ganda.

Historia hii haikamiliki bila kumtaja mkulima, kwa sababu jiko na kiwanda vyote viwili vilimtegemea. Hershey, Farmer na Lowney walipokuwa wakianza, kakao ya dunia ilikuwa ikihamia Afrika. Wareno waliipanda Príncipe mwaka 1822, kisha São Tomé, na mashamba ya huko yalitumia watu waliokamatwa Angola na kufanyishwa kazi kwa lazima. Mwandishi Mwingereza Henry Nevinson aliyafichua mambo hayo mwaka 1905, na mwaka 1909 Cadbury na kampuni nyingine za Uingereza ziliacha kununua kakao ya São Tomé. Wakati huo Ghana, iliyoitwa Gold Coast, ilikuwa na kakao yake. Tetteh Quarshie, mhunzi wa kabila la Waga, alirudi na mbegu kutoka kisiwa cha Fernando Po katika miaka ya 1870 akazipanda Mampong. Wakulima wadogo wakaichukua kwa hiari na kwa mtaji wao, na kufikia mwaka 1911 Gold Coast ikawa mzalishaji mkubwa kuliko wote duniani. Leo Côte d'Ivoire na Ghana hutoa zaidi ya nusu ya kakao yote.

Afrika Mashariki imo pia, kwa kiasi kidogo lakini kwa ubora unaotafutwa. Bundibugyo huko Uganda na Beni huko Kongo hulima kakao, na Tanzania ina Kyela mkoani Mbeya na Bonde la Kilombero mkoani Morogoro. Huko Mbingu, Kilombero, kampuni ya Kokoa Kamili hununua punje zikiwa mbichi, bado na utelezi wake mweupe, kisha huzichachusha yenyewe katika masanduku ya mbao kwa siku kadhaa na kuzianika. Kuchachusha ndiko kunakojenga ladha ya chokoleti, na punje isiyochachushwa vizuri haiwezi kuokolewa na mashine yoyote ya Uswisi. Dandelion Chocolate ya San Francisco imetengeneza chokoleti kwa kakao hiyo ya Kilombero, na Askinosie ya Springfield, Missouri, imenunua moja kwa moja kwa wakulima wa Mababu, Kyela.

Dar es Salaam, Mombasa na Nairobi nazo zina waokaji wa nyumbani wanaopokea oda za brauni kupitia simu, za Krismasi na za Idi. Kwa wale wa pwani, sayansi ya nyuzi joto 34 ni suala la biashara. Desemba ni mwezi wa joto, na chokoleti halisi iliyotoka kwenye friji hutokwa jasho na kulainika kabla boda haijafika kwa mteja. Ndiyo sababu wengi huchagua ganda la mafuta ya mimea, ambalo hustahimili zaidi, au huchovya usiku na kupeleka alfajiri.

Mwaka 2024 ncha zote za mnyororo huu ziliguswa kwa pamoja. Hali mbaya ya hewa na magonjwa ya mikakao huko Côte d'Ivoire na Ghana yalipunguza mavuno, na Desemba mwaka huo bei ya kakao katika soko la New York ilivuka dola 12,000 kwa tani. Viwanda vilipandisha bei, na baadhi vikapunguza kakao ndani ya bidhaa zao. Waokaji wa nyumbani walijikuta wakipima upya kati ya chokoleti halisi na ganda la mafuta ya mchikichi. Huko Kyela, ambako kakao huuzwa kwa mnada kupitia vyama vya ushirika na mfumo wa stakabadhi ghalani, wakulima waliipata bei ambayo wazazi wao hawakuwahi kuiona, wakanunua miche na kupanua mashamba. Mkakao huchukua miaka mitatu hadi mitano kabla ya kuzaa vizuri, kwa hiyo iliyopandwa msimu ule ilikuwa na Krismasi kadhaa mbele yake kabla punje zake hazijafika kwenye bakuli la mtu anayechovya brauni.